Tarehe 3 mwezi wa 4

Mhasibu wa sacco alipiga simu asubuhi, hata kompyuta sijaiwasha. "Kaka, huyu mama alijiunga tarehe tatu mwezi wa nne. Fomu yake ninayo hapa mkononi. Mbona mfumo wenu unamhesabia gawio tangu mwezi wa tatu?" Ilikuwa Januari 2020, Nairobi. Daftari la wanachama tulikuwa tumeshalihamisha kutoka Excel hadi kwenye mfumo tuliouandika kwa JavaScript, na kila mtu aliamini kazi imekwisha.

Kosa lilikuwa mstari mmoja: new Date("03/04/2019"), amri ya JavaScript ya kugeuza maandishi kuwa tarehe. Kwetu hiyo ni tarehe 3 Aprili. Injini ya V8, inayoendesha JavaScript ndani ya Node (kwenye seva) na kivinjari cha Chrome, inayasoma maandishi ya namna hiyo kwa desturi ya Marekani, mwezi kwanza, kwa hiyo ilitoa 4 Machi na haikulalamika.

Kabla ya kurekebisha nilitaka kujua uharibifu umefika wapi. Niliandika programu fupi ya kuzichapa siku zote 365 za mwaka 2019 kwa mtindo wetu, kumpa Date moja baada ya nyingine, kisha kulinganisha jibu na tarehe ya kweli. Zilizosomwa sawa zilikuwa 12 tu, zile ambazo siku na mwezi ni namba ileile, kama 05/05. Siku 221 zilirudi Invalid Date, yaani tarehe batili, kwa sababu hakuna mwezi wa 13 wala wa 31. Zilizobaki, 132, zilipita zikiwa zimegeuzwa. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi kosa lilivyojificha: zile zilizokataliwa zilionekana siku ya kuhamisha, vijana wakaziandika upya kwa mkono, na mkondo wa makosa ulipokauka tukadhani data ni safi.

Niliendelea kupima siku nzima. "2018-04-31" ilikubaliwa na kugeuka 1 Mei, ingawa Firefox inaikataa. V8 inaangalia tu kwamba siku haizidi 31, haiulizi mwezi una siku ngapi. Mwaka wa tarakimu mbili ni hatari zaidi. "12/05/48" ikisomwa kama maandishi inakuwa 2048, maana 0 hadi 49 huongezewa 2000, lakini new Date(48, 4, 12) inatoa 1948. Mzee yuleyule, namba zilezile, umri unapishana kwa miaka mia. (Ile 4 ni Mei, miezi huko inaanza kuhesabiwa kwenye 0.)

Kuhusu mipaka, lugha inakubali siku milioni 100 kila upande wa 1 Januari 1970, yaani hadi 13 Septemba 275760. Ni mpaka wa mbali mno kumlinda mtu. Baadhi ya seli za Excel zilikuja kama namba tupu, kwa mfano 43558, ambayo kwa hesabu ya Excel ndiyo 3 Aprili 2019: unatoa 25569, unazidisha kwa milisekunde 86,400,000, unapata wakati wa kompyuta. Sisi tuliipitisha kama maandishi, na V8 ikaielewa kuwa mwaka. Mwanachama akawa amejiunga 1 Januari 43558, tarehe halali kabisa machoni pa lugha.

Kisha saa za eneo. new Date(2019, 3, 3) ni usiku wa manane wa Nairobi, lakini toISOString, amri ya kuandika tarehe kama maandishi, inaandika kwa UTC, saa ya marejeo ya dunia iliyo nyuma yetu kwa saa 3: 2019-04-02T21:00:00.000Z. Ukikata herufi 10 za mwanzo, kama tulivyokuwa tunafanya, umerudi nyuma siku moja. Wazee nao walikuwa na lao. Tarehe za kuzaliwa tulizihifadhi kama usiku wa manane wenye +03:00, ila mwaka 1940 saa za Kenya zilikuwa mbele ya UTC kwa saa 2 na dakika 45. Aliyezaliwa 1 Julai 1940 akaonyeshwa 30 Juni, saa 23:45.

Jioni Date.parse, yaani usomaji uleule wa maandishi unaofanywa na new Date, ikaondoka kwenye kazi hiyo. Msimbo mpya ulidai siku, mwezi na mwaka wa tarakimu nne kwa mpangilio huo, ukaunda tarehe kwa Date.UTC, inayopokea namba na kuhesabu kwa UTC, kisha ukaisoma tena: siku au mwezi ukibadilika, mstari unakataliwa. Mwaka ulio chini ya 1900 au tarehe iliyozidi leo, unakataliwa. Kinachohifadhiwa ni maandishi 2019-04-03, bila saa yoyote. Majaribio tuliyaendesha mara tatu, TZ (mpangilio wa saa za eneo wa kompyuta) ikiwa Africa/Nairobi, UTC na America/New_York, maana kompyuta iliyowekwa Nairobi peke yake huficha makosa: new Date("2019-04-03") huhesabiwa kwa UTC, na kwetu bado ni tarehe 3, saa tisa usiku (03:00), lakini New York ni jioni ya tarehe 2.

Mstari wa yule mama ulirekebika kwa kusoma upya faili la zamani. Zile seli za namba hazikurekebika hivyo. Kompyuta moja ya ofisini ilikuwa na Excel ya mpangilio wa Marekani. Mtu akiandika 13/04/2019 inabaki maandishi, imeegemea kushoto mwa seli. Akiandika 03/04/2019 inageuka papo hapo kuwa 43528, yaani 4 Machi, na alichokusudia hakiko tena ndani ya faili. Kwa hiyo kila seli ya namba ambayo siku yake ni 12 au chini tuliichapa kwenye orodha, na mimi na mhasibu tukashuka stoo kufungua mafaili ya fomu za karatasi, yeye akisoma mwandiko, mimi nikiandika.