Swichi za kikomo na mota za mashine yangu ya CNC

Kwa wiki mbili mashine ya CNC, yaani ya kukata inayoongozwa na kompyuta, niliyoiunda katika karakana yangu ndogo hapa Nyakato, Mwanza, ilikuwa ikisimama katikati ya kazi na kuonyesha kwamba imegusa swichi ya kikomo, ile inayoisimamisha meza inapofika mwisho wa njia yake, ilhali meza ilikuwa mbali kabisa na ukingo. Nilibadilisha swichi bila mafanikio. Chanzo kilikuwa nyaya zake, ambazo zilipita sambamba na za mota ya kukatia na kunasa mwingiliano wa umeme ambao kidhibiti kiliusoma kama mguso. Nilizitenganisha, nikatumia kebo yenye ngao iliyounganishwa na ethi upande mmoja tu, kisha nikaunga swichi ambazo kwa kawaida hupitisha umeme, ili waya ukikatika mashine isimame badala ya kugonga fremu. Hili la mwisho nalihimiza kwa dhati.

Kuhusu mota za kuisogeza, nilichagua stepa, yaani mota zinazozunguka kwa hatua ndogo ndogo, za kipimo sanifu cha NEMA 23. Namba hiyo hutaja ukubwa wa uso wake, takribani milimita 57, wala si nguvu. Kwa kuwa nguvu ya kuzungusha hupungua kadiri mwendo unavyoongezeka, kupandisha volti kutoka 24 hadi 36, ndani ya kiwango cha draiva (kifaa kinachoipa mota umeme), kulinisaidia kuliko ambavyo mota kubwa zaidi ingefanya.