Nilivyoivunja 4,294,967,297 kwa kalamu na daftari

Mwaka 1640 Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse, aliona kwamba 3, 5, 17, 257 na 65,537 zote ni namba tasa. Akaamini inayofuata kwenye mtiririko huo, ambao kila hatua kipeo cha 2 kinaongezeka maradufu kisha unajumlisha 1, ni tasa pia: 2 kwa kipeo cha 32, jumlisha 1, yaani 4,294,967,297. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akaonyesha kuwa inagawanyika. Mimi nilitaka kujua mtu anafikaje hapo bila kompyuta.

Kujaribu namba tasa moja baada ya nyingine hakufai. Kipeuo cha pili cha namba hii kinazidi 65,536 kidogo tu, na chini ya hapo kuna namba tasa zaidi ya 6,500. Nani ana muda huo? Kilichoniokoa ni kanuni ya Euler mwenyewe: kigawo chake chochote kilicho tasa, ukikigawa kwa 64, lazima kibakize 1. Baadaye mwanahisabati Mfaransa Édouard Lucas akaibana zaidi, 64 ikawa 128. Nikaandika 129, 257, 385, 513, 641. Ya kwanza, ya tatu na ya nne si tasa, nikazikata.

Ile 257 haikunisumbua. 2 kwa kipeo cha 8 ni 256, imepungua 1 tu, kwa hiyo baki ni sawa na hasi 1. Ukiendelea kuzidisha hadi kipeo cha 32, baki linakuwa 1. Jumlisha 1, unapata 2. Haigawanyiki.

Kwa 641 ndipo utamu ulipo, kwa sababu ile namba ndefu huigusi kabisa, unabeba baki tu. 2 kwa kipeo cha 16 ni 65,536. Toa 641 mara 102, ambayo ni 65,382, inabaki 154. Kufika kipeo cha 32, zidisha 154 kwa 154: 23,716. Sasa piga 641 mara 37: 23,717. Pungufu moja! Na ile 1 ya kujumlisha mwishoni ndiyo inayoziba pengo. Nililipiga tena hesabu hilo kwa raha zangu tu.

Ukigawanya unapata 6,700,417. Je, nayo ni tasa? Kigawo chake ni kigawo cha ile kubwa, kwa hiyo kanuni ya 128 bado inashika, na kipeuo chake hakifiki 2,589. Wa kujaribiwa walikuwa 641, 769, 1,153 na 1,409 tu. Hapa nilitumia kikokotoo cha simu, na sioni aibu. Mabaki yakaja 44, 120, 334 na 622. Ni tasa.

Mdogo wangu aliyekuwa akichungulia akauliza, "Kaka, na inayofuata?" Hiyo ni 2 kwa kipeo cha 64, jumlisha 1, tarakimu 20. Kigawo chake kidogo zaidi ni 274,177, na kwa kanuni ya Lucas, ambayo hapo inadai 256, ni cha 1,071 kwenye orodha. Nikamkabidhi kalamu.