Siku moja na mashairi ya Mwalimu

Saa moja u nusu asubuhi nafungua duka. Liko uchochoroni, hatua chache kutoka Usita wa Mui hapa Lamu: kompyuta mbili, printa, mashine ya fotokopi, na feni inayopiga kelele kuliko printa. Wengi huja kutoa nakala za kitambulisho. Kazi yangu mimi hasa ni kupanga kurasa: kadi za arusi, vijitabu vya madrasa, vipeperushi vya manahodha wanaotembeza wageni. Leo ni kitabu cha mashairi, na faili lazima iwe imefika kwa wachapaji Mombasa kabla ya magharibi.

Saa mbili mwenyewe anaingia na flashi mkononi. Ni mwalimu mstaafu, kanzu imepigwa pasi ikanyooka.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba mwanangu. Yote yamo humu. Mjukuu wangu ameyapiga taipu."

Nafungua faili ya Word, nashusha pumzi. Mjukuu amefanya kazi kubwa, Mungu ambariki, lakini kila pengo la katikati ya mshororo amelijaza kwa kubonyeza nafasi mara kumi, mara kumi na mbili, mara saba. Shairi la mizani kumi na sita lina vipande viwili vya mizani nane nane:

Bahari imetulia, nahodha tweka matanga

Msomaji anataka vipande vya pili vianzie mahali pamoja kama nguzo, ubeti mzima. Ukitumia nafasi, kwenye skrini yako vitanyooka. Badilisha fonti au ukubwa wa herufi uone vinavyotawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. (Wazee wetu walioandika tenzi kwa herufi za Kiarabu waliweka vipande vinne vya ubeti kwenye mstari mmoja, na nguzo zao zilisimama bila kompyuta.)

Dawa yake ni tabo, alama inayoruka moja kwa moja hadi mahali ulipopanga. Kwanza, katika LibreOffice, natafuta kila palipo na nafasi mbili au zaidi na kuzigeuza zote kuwa tabo moja. Kisha nayaingiza maandishi kwenye Scribus, programu ya kupangia kurasa, natengeneza mtindo wa aya niliouita "ubeti", na humo ndani ya mtindo naweka kituo cha tabo kwenye milimita 56. Mishororo ya ubeti mmoja naitenganisha kwa Shift na Enter, siyo Enter peke yake, ili ubeti uhesabiwe kuwa aya moja. Halafu naiambia programu isiikate aya hiyo. Hakuna kitu kinachoniudhi kama kibwagizo kilichotupwa peke yake juu ya ukurasa wa pili.

Kazi hii imenila mpaka saa nne na nusu. Mwalimu, aliyekuwa akisoma gazeti la juzi, anasogea kwenye skrini.

"Herufi ni ndogo mwanangu. Mato yangu hayazioni."

Nafungua mtindo wa "ubeti", 11 naifanya 13, na beti zote mia moja na ushei zinabadilika papo hapo, nguzo zimesimama. Mwalimu anacheka. Angenijia na ombi hilo miaka minne iliyopita, nilipokuwa nikichagua kila ubeti kwa kipanya, ningelia.

Bismillahi ya ukurasa wa kwanza nayo ilikuwa na historia yake. Scribus ya zamani, 1.4, ilikuwa ikizikata herufi za Kiarabu moja moja na kuzipanga kinyume. Toleo la 1.6, lililotoka Januari 2024, linaziunganisha na kuzisoma kutoka kulia. Bado namwita ustadhi wa jirani azikague, maana aibu ya kukosea hapo haifutiki.

Saa saba: swala, wali na samaki wa kupaka, umeme unapotea nusu saa. Nilikuwa nimehifadhi.

Saa nane, jalada. Mwalimu anataka picha ya mashua bandarini, nayo imekuja kwa WhatsApp, upana pikseli 1,600. Kijitabu ni A5, kwa hiyo jalada likikunjuliwa ni milimita 296. Ongeza milimita 3 kila upande za kukatwa, zile wachapaji wanazoita blidi, unafika 302. Kwa pikseli 300 kwa inchi, nahitaji karibu 3,570. Sina hata nusu. Nampigia kijana aliyepiga picha: itume tena, lakini kama dokyumenti, usiitume kama picha, WhatsApp isiibane. Blidi niliijua kwa uchungu. Kazi moja ilirudi kutoka Mombasa ikiwa na mkanda mweupe pembeni mwa kila jalada, na gharama nikaibeba mimi.

Kisha naangalia weusi wa maandishi. Ukileta maandishi kutoka kwingine, weusi wake huweza kuchanganywa kwa rangi zote nne, na karatasi ikisogea kidogo mashinini herufi zinapata kivuli chekundu au cha buluu. Nataka wino mweusi mtupu, asilimia 100.

Jirani anapita kuuliza kama ahamie Scribus. Yeye ni mtu wa Publisher. Namwambia Microsoft wametangaza kuwa Publisher inakoma Oktoba 2026, aanze sasa kutoa PDF za kadi zake za zamani.

Saa kumi nahesabu kurasa: 46. Kijitabu cha kushonwa kwa pini katikati hukunjwa karatasi karatasi, kila moja kurasa nne, kwa hiyo lazima ziwe 48. Namwambia Mwalimu kurasa mbili za mwisho zitabaki tupu.

"Tupu?" anauliza, kana kwamba nimemtukana. Anavaa viatu, anaondoka.

Saa kumi na moja na robo natoa PDF yenye fonti ndani yake, naifungua kwenye kompyuta ya pili isiyo na fonti zangu nione kama kuna kilichobadilika. Hakuna. Nabonyeza kutuma, intaneti inajikokota.

Simu inalia mlio wa ujumbe. Mwalimu. Ni ujumbe wa sauti wa dakika nne: "Andika mwanangu, ubeti wa kwanza…" Nyuma yake punda analia. Nasimamisha kutuma, nachukua kalamu.