Karatasi ya manila ukutani

Sisi wanunuzi wa mahindi hapa Busia, upande wa Uganda, tuna swali moja lisiloisha: tuuze mavuno yakiingia tu, au tukodi ghala la pili tusubiri bei ipande? Miaka yote ameshinda mwenye sauti kubwa.

Jana dada mweka hazina alibandika karatasi ya manila ukutani, akachora mistari miwili. Mwekundu ni bei ya kilo mwezi kwa mwezi, wa buluu ni pesa iliyomo kwenye akaunti. Mwekundu hushuka Julai, na tena kuelekea Januari. Hilo tulilijua sote. Kumbe wa buluu nao huanguka miezi ileile tunayotaka kushikilia mzigo! Mzee mwenyekiti aliinuka, akaufuata kwa kidole mpaka chini kabisa. "Sasa hapa, mwanangu, wapakiaji tutawalipa na nini?" Ubishi wa bei ukafa palepale, tukaanza kuongelea mkopo.

Afadhali manila kuliko projekta, kwa kweli. Umeme hauikati, na asiyekubali anachukua kalamu anasahihisha. Kwenye Machi 2021 mtu aliongeza alama ya X, Kenya ilipozuia mahindi yetu kwa siku chache kwa ajili ya sumukuvu. Vijana waliojiunga juzijuzi hawakuwa na habari.

Ile X ndiyo iliyoninyima usingizi. Nilikumbuka Challenger, kile chombo cha angani cha Marekani. Usiku wa kuamkia 28 Januari 1986, wahandisi walipinga kisirushwe kwenye baridi kali, lakini kikao kikazitazama zile safari zilizopata hitilafu tu, na hitilafu zilikuwapo kwenye baridi na kwenye joto pia. Safari zilizokwenda salama hazikuwekwa mezani, nazo zote zilirushwa joto likiwa zaidi ya nyuzi 18. Asubuhi kikarushwa, wakafa watu wote 7 waliokuwamo.

Yetu ni mahindi tu, lakini mistari yetu nayo inaonyesha mzigo uliouzika peke yake. Magunia yaliyorudishwa mpakani kwa unyevu yako wapi? Leo nimempigia mweka hazina, akacheka: yamo kwenye daftari la mtunza ghala, hakuna aliyewahi kuyajumlisha. Anachora mstari wa tatu. Mwenyekiti keshasema ukipanda sana, habari ya ghala la pili tuiweke kando, mkopo ununue mashine ya kukaushia.