Kocha aliyechonga mawe ya makaburi

Jumapili, saa nne usiku. Umeme umerudi sasa hivi.

Mchana nilikuwa napangua droo ya chini ya kabati, natafuta kadi ya bima, nikakutana na vitu viwili ambavyo sikuwa navitafuta. Cha kwanza filimbi yangu nyeusi. Kile kijipira cha ndani kilishatoka siku nyingi, kwa hiyo ukiipuliza inahema tu kama mzee anayepanda ngazi. Cha pili kaunta buku ya kwaya mbili, jalada limeliwa na mende pembeni, ndani nimeandika mazoezi ya vijana wangu wa kikapu tangu 2007. Nikakaa pale pale sakafuni. Kadi ya bima mpaka sasa sijaiona.

Ukurasa wa tarehe 13 Machi 2009 hauna mazoezi yoyote. Una safu mbili za namba kwa kalamu nyekundu, na juu nimeandika HASHEEM kwa herufi kubwa kama mtoto wa darasa la pili.

Wanaokumbuka watakumbuka. Hasheem Thabeet, kijana wetu wa Dar aliyechelewa kuushika mpira wa kikapu mpaka alipokaribia miaka 15, urefu futi saba na inchi tatu, alikuwa mwaka wake wa tatu Chuo Kikuu cha Connecticut. Usiku ule, yaani usiku wa kwao, timu yake ilikuwa Madison Square Garden, New York, robo fainali ya mashindano ya Big East, ligi ya vyuo vya huko, dhidi ya chuo cha Syracuse. Binamu yangu alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku kwenye ofisi moja yenye intaneti, na funguo za chumba cha kompyuta alikuwa nazo. Nikafika kabla ya adhana ya alfajiri na mfuko wa maandazi.

Picha haikuwepo. Zilikuwepo namba tu. Unafungua ukurasa upya, unasubiri, duara linazunguka, namba inabadilika. Dakika 40 zikaisha sare, 71 kwa 71. Muda wa nyongeza ukaisha sare. Wa pili, sare. Wa tatu. Binamu akaanza kufagia mahali alipokwisha kufagia, maana wenye ofisi huingia saa mbili. Wa nne. Wa tano. Katika nyongeza zote hizo tano Syracuse hawakuongoza hata mara moja. Walikuwa wanasawazisha tu, kama mdaiwa anayelipa siku ya mwisho. Wakaja kuongoza kwenye ule wa sita, na hapo hawakushikika tena. 127 kwa 117. New York ilikuwa saa saba na dakika 22 usiku. Dar ilikuwa saa mbili na dakika 22 asubuhi, na mimi nilikuwa na kikao saa mbili kamili.

Niliingia kwenye chumba kile kwa ajili ya Hasheem, nikatoka nikimuwaza kocha wake, Jim Calhoun. Nilijiuliza, mtu wa miaka 66 anasimamaje pembeni ya uwanja kwa muda wa karibu saa nne, anapiga kelele muda wote, anashindwa, halafu kesho anaamka kwenda mazoezini? Wiki moja baadaye nikasoma kwamba hakuwepo kwenye mechi ya kwanza ya mashindano ya taifa ya vyuo. Alilazwa hospitali kwa upungufu wa maji mwilini. Vijana wake wakaenda kuwafunga Chattanooga 103 kwa 47 bila yeye. Hapo nikaanza kumfuatilia Calhoun kama watu wanavyofuatilia tamthilia.

Alizaliwa 1942 Braintree, kusini ya Boston. Baba yake alifariki ghafla kwa moyo, yeye akiwa na miaka 15, nyumbani watoto sita. Alikuwa amepata nafasi ya chuo kwa sababu ya kikapu, akakaa miezi mitatu tu, akarudi kuitazama familia. Akafanya kazi zozote zilizopatikana: kiwanda cha shampuu, yadi ya vyuma chakavu, kuchimba makaburi, na kuchonga majina kwenye mawe ya makaburi.

Hii ya mawe imenikaa kichwani miaka yote. Niliwahi kumtazama fundi akichonga jina la mama yangu mkubwa. Aliandika kwanza kwa penseli. Akafuta kwa kitambaa chenye maji, akaandika tena. Halafu akamwita binamu yangu asome herufi moja moja kwa sauti, H, A, L, I, na kila herufi ikitajwa fundi anaitikia "ndiyo" kama yuko kwenye hitima. Ndipo akachukua patasi. Binamu akataka kumsemesha, fundi akanyoosha mkono tu, hakugeuka. Sitaki kulazimisha kwamba ukocha ulitoka humo. Lakini nikisoma habari za mazoezi ya Calhoun, jinsi alivyokuwa anasimamisha kila kitu kwa sababu mchezaji mmoja amekosea hatua moja ya ulinzi, huyo fundi ananijia.

Baada ya kama miezi 20 alirudi shule, chuo kidogo kiitwacho American International pale Springfield, Massachusetts. Ndio mji ambao James Naismith alitundika vikapu vya kubebea matunda mwaka 1891 na mchezo wenyewe ukazaliwa. Ukumbi wa magwiji wa kikapu uko huko huko, na Calhoun aliingizwa mwaka 2005. Akafundisha shule za sekondari kwanza, halafu 1972 Northeastern ya Boston ikamchukua. Miaka 14. Watu huipita haraka sehemu hii, na mimi naipita.

Connecticut alifika 1986. Chuo kiko Storrs, mashambani kabisa, kilianza kama shule ya kilimo, na ng'ombe wako mpaka leo. Msimu wake wa kwanza alishinda mechi 9 akapoteza 19. Naomba mzitazame namba hizo kidogo, maana kwetu kocha wa 9 na 19 hafiki Pasaka. Yeye aliachwa. Mwaka 1990 walifika hatua ya nane bora, wakawa wanawaongoza chuo cha Duke muda wa nyongeza, Christian Laettner wa Duke akatupa mpira wa mwisho saa inakata, ukaingia. Duke 79, Connecticut 78. Miaka tisa baadaye, 1999, Duke hao hao kwenye fainali, Connecticut 77, Duke 74. Ubingwa wa kwanza, mwaka wa 13 wa kazi. Wa pili 2004. Wa tatu 2011, na huo ndio niupendao kwa sababu haukuwa na urembo wowote: kwenye ligi yao walimaliza wa tisa, wakashinda mechi tano kwa siku tano kuchukua Big East, halafu sita nyingine mfululizo za mashindano ya taifa. Fainali waliwabana chuo cha Butler mpaka wale vijana wakatupa mara 64 na zikaingia 12 tu. 53 kwa 41. Wengi waliiita fainali mbovu. Mimi niliwaonyesha vijana wangu mara tatu na kuwaambia watazame miguu, mpira wauache.

Lakini shajara ni shajara, acha niandike na upande wa pili.

Mzee huyu hakuwa malaika. Mwaka huo huo 2009 mwandishi mmoja alimuuliza kwenye mkutano na wanahabari kuhusu mshahara wake wa dola milioni 1.6 kutoka chuo cha umma wakati serikali ya jimbo imeishiwa, akamkaripia mbele ya kamera kwamba hatarudisha hata senti kumi. Mwaka 2011 chama cha michezo cha vyuo, NCAA, kilimfungia mechi tatu kwa makosa ya kusajili mchezaji. Na 2013 timu ilizuiwa kucheza mashindano ya taifa kwa sababu maendeleo ya masomo ya wachezaji wa miaka iliyotangulia yalikuwa chini ya kiwango. Hili la masomo ndilo linaloniuma zaidi. Faulo ya usajili naweza kuielewa. Kijana akitoka chuoni bila cheti, na mpira nao ukamkataa, umemrudisha wapi?

Na kelele. Alikuwa mtu wa kelele, lafudhi ya Boston, uso umeiva kama nyanya. Mimi nilizikopi. Naandika hili kwa aibu. Mwaka 2012 nilimfokea kijana mmoja mbele ya mama yake, kwa kosa la kurudi taratibu kwenye ulinzi. Nilimfokea vizuri, kwa maneno ya kupangilia, kama niko kwenye televisheni. Mama hakusema kitu, alishika tu mkoba wake kwa mikono miwili. Jumatatu kijana hakuja, wala Jumatano. Baadaye nikasikia yuko bodaboda Mbagala. Calhoun alimfokea mchezaji wake Kevin Ollie miaka minne, Ollie huyo akarudi kuwa msaidizi wake, akarithi timu 2012, na 2014 akachukua ubingwa. Wachezaji wake wa zamani walikuwa wakirudi kucheza mechi ya hisani anapowaita. Maana yake kulikuwa na kitu kinafanyika baada ya kelele, jioni, mlango umefungwa, ambacho kamera haikuwa inakichukua. Mimi nilichukua kilichoonekana.

Kuhusu Hasheem, nimechoka na wanaosema alifeli. Juni 2009 aliitwa wa pili timu za NBA, ligi ya kulipwa ya Marekani, zilipochagua wachezaji wapya, mbele ya James Harden na Stephen Curry, na ndiyo, hakucheza kama wao. Lakini chini ya Calhoun alikuwa mlinzi bora wa Big East miaka miwili mfululizo, na kuna mechi dhidi ya Providence alipata pointi 15, ribaundi 11 (mipira iliyokosa kikapu akaidaka) na kuzuia mitupo 10. Mtu aliyeanza mpira ukubwani! Alikuja kuwa Mtanzania wa kwanza kwenye ligi ile. Tukio hilo moja lilijaza viwanja vyetu vijana warefu kwa miaka mitano. Baadhi walikuwa warefu tu, hawakuwa na kingine, lakini walikuja.

Calhoun alistaafu Septemba 2012, miaka 70. Alikuwa ameshaugua saratani zaidi ya mara moja, mgongo ulimsumbua msimu wake wa mwisho, na kiangazi hicho alianguka na baiskeli akavunjika nyonga. Mtu wa kawaida hapo anakaa kibarazani. Yeye mwaka 2018, ana miaka 76, alikuwa tena pembeni ya uwanja, mara hii Chuo Kikuu cha Saint Joseph, West Hartford. Kilikuwa chuo cha wanawake tangu 1932, ndiyo kwanza kinafungua milango kwa wavulana. Daraja la tatu, ambako hakuna ufadhili wa michezo. Kijana anacheza kwa sababu anataka kucheza. Timu haikuwepo kabisa. Akaianzisha, akakaa nayo mpaka 2021.

Nimewahi kubishana na rafiki yangu kuhusu hili. Yeye anasema ni tamaa ya sifa, mzee hajui kukaa nyumbani. Labda. Sifa gani lakini, pale? Nadhani ni saa tisa alasiri. Mtu aliyezoea kuwa uwanjani saa tisa miaka 40, saa tisa ikifika mwili unasimama wenyewe.

Nalijua hilo sasa. Januari shule niliyojitolea miaka 17 iliamua uwanja uwe maegesho ya mabasi ya wanafunzi. Sikuandikiwa barua. Nilifika nikakuta fundi anakata nguzo kwa grenda, cheche zinaruka mpaka kwenye ule mstari wa mtupo wa adhabu nilioupaka mwenyewe rangi ya barabarani. Ringi moja nimeileta nyumbani. Iko nyuma ya tenki la maji, mke wangu anaanikia matambara. Na tangu hapo kila saa kumi jioni (sisi tulikuwa saa kumi) natoka nje kuangalia geti kama nimeagiza kitu.

Jana walikuja vijana watatu. Shikamoo kocha, marahaba, mmekula? Hawakuwa wamekula. Wakiwa kwenye sahani ya pili ya wali mkubwa wao akasema wamepata uwanja wa umma, lakini nafasi iliyobaki ni Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi. Wako saba. Wanne hawajawahi kucheza, ila mmoja anavaa kiatu namba 48. Hawakuniomba. Walitaja tu saa, halafu wakaendelea kula, macho kwenye sahani.

Nimemsimulia mke wangu jioni hii. Akauliza kuhusu goti. Nikamwambia yule mzee alirudi na nyonga iliyovunjika. Akauliza mzee gani, nikaona nianze kueleza, akasema basi, tule.

Baada ya kula nikaleta filimbi mezani. Choroko inapita kwenye tundu lakini inatoa mlio wa kifaranga. Kunde ikagoma kuingia. Nilikuwa naitafuta ndogo zaidi kwenye ungo wakati mke wangu alipoichukua filimbi mkononi mwangu, akaisukuma kunde ndani kwa kijiti cha meno, akapuliza. Mbwa wa jirani wote waliamka.