Mashine ya gesi ya kupasha maji: usiifunge bafuni

Ndugu zangu wa Bukavu, asubuhi zetu ni za baridi, na wengi wanaacha makala na kununua mashine ya gesi ya ukutani ya kupashia maji ya kuoga. Ni kitu kizuri, lakini tafadhali sana, isifungwe ndani ya bafu. Moto wake unakula hewa, na hewa ikipungua hutoa monoksidi ya kaboni, sumu isiyo na harufu wala rangi. Kichwa kinauma, kizunguzungu kinakuja, kisha mtu anaanguka. Ifunge barazani, au kwenye chumba chenye matundu ya hewa chini na juu, bomba la moshi likitoka nje kabisa. Moto mzuri ni wa buluu. Ukiona wa njano wenye masizi, zima, mwite fundi aisafishe.

Ikikataa kuwaka, mara nyingi kosa si la gesi. Maji yakipita ndiyo yanasukuma kiwambo cha mpira kinachofungua gesi. Tanki la maji likiwa mita 1 tu juu ya mashine, msukumo hautoshi. Inua hadi mita 2 au 3. Angalia pia kichujio cha maji (mchanga hukijaza), halafu betri ya kutoa cheche.

Mashine ya lita 6 kwa dakika hula karibu kilo 1 ya gesi kwa saa nzima ya moto. Chupa ndogo hupoa haraka, moto unalegea ingawa gesi ingalimo, chukua kubwa. Viungo vya bomba la mpira la gesi vipime kama vinavuja kwa povu la sabuni, kamwe si kwa kiberiti.